Jina la Utani

Mama yangu hajawahi kumwita baba kwa jina lake. Wanawake wa rika lake huwaita waume zao Baba Fulani, kwa jina la mtoto wa kwanza, lakini yeye alimkuta mumewe tayari ana jina lililoenea kila mahali, akalichukua kama lilivyo. Daktari. Daktari, chai inapoa. Daktari, umeweka wapi funguo? Huko nje kidogo ya Singida nilikozaliwa hakuna aliyemwita vinginevyo, tangu mwenyekiti wa kijiji hadi akina mama wanaouza vitunguu barabarani. Alikuwa afisa tabibu wa kituo cha afya. Alisoma chuo cha utabibu, akapata stashahada, akapelekwa mahali ambapo hapakuwa na mwingine wa juu yake. Alipima wagonjwa, aliandika dawa, alishona majeraha, na mkunga alipozidiwa aliitwa yeye. Mtu kama huyo utamwita nani? Kwa Kiswahili anayekutibu ni daktari, basi. Ukiwa na mtoto anayeweweseka kwa homa huanzi kumuuliza mtu cheti chake kinasemaje.

Naanza na neno hilo kwa sababu nusura linifungie mlango pekee niliokuwa nao wa kusomea udaktari, hapahapa London, nilipokuwa na miaka kumi na saba. Nimelisimulia jambo hili mara nyingi kwa kicheko, kwenye sherehe za watu, maana Waswahili tunajua kucheka kinachotuuma. Leo sitacheka. Nataka kusema nilivyokasirika, na kwamba hasira yenyewe bado ninayo.

Tulikuja nikiwa na miaka tisa. Mama alitangulia, akafanya kea, yaani kuwahudumia wazee kwenye nyumba za kulelea, kisha akatuita. Baba alikuja na vyeti vyake ndani ya faili la plastiki, akavipeleka kwenye ofisi moja inayohusika na mambo hayo. Wakamwambia kwa upole, maana hapa hata ukinyimwa unanyimwa kwa upole, kwamba nchi hii haina kada ya afisa tabibu. Si daktari. Si muuguzi pia. Ni kama hayupo. Akitaka, aanze upya tangu chini, na wakati huo nyumba inataka kula. Akabeba boksi kwanza, kama wanavyotusema nyumbani sisi tulio nje, halafu akajifunza kuendesha basi. Ni dereva wa basi hadi leo.

Hakulalamika mbele yangu. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, alisema, akaenda gereji kuchukua zamu. Lakini Watanzania wa mitaa yetu ya Woolwich na Plumstead, hasa waliotoka pande zetu, hawakuikubali hukumu ile. Walipanda basi lake, wakagusisha kadi ya nauli, wakainama kidogo mbele ya kioo cha dereva na kusema, "Shikamoo, Daktari." Abiria wengine waligeuka kuangalia. Baba aliitikia marahaba, akauliza habari za presha ya mzee, akafunga mlango, akaondoa basi. Rafiki zake walimtania kuwa ndiye daktari pekee London anayeona watu bila miadi. Alipenda sana kutaniwa hivyo. Nilikuwa mtoto, lakini niliona kuwa siku alizoitwa hivyo mara nyingi alirudi nyumbani akiwa mwepesi.

Sasa niseme jinsi mambo ya vyuo yanavyokwenda hapa, maana asiyepitia hawezi kuamini. Mtoto huomba chuo kabla hajafanya mtihani wa mwisho. Walimu ndio hubashiri atapata nini, na vyuo huamua kwa ubashiri huo. Kwetu mpiga ramli akifanya hivyo tunamcheka. Hapa anaitwa mwalimu wa kemia. Ombi ni moja kwa nchi nzima, lina nafasi tano, na katika hizo udaktari unaruhusiwa nne tu. Ukichagua vibaya, vyote vinne vikakukataa, mwaka umekwenda na maji. Kwa hiyo kuchagua kwenyewe ni mtihani, na mtihani huo hufaulu watoto ambao nyumbani kwao kuna mtu aliyekwisha kuufanya.

Mimi nilibashiriwa A mbili na B moja. Karibu vyuo vyote vya udaktari vinataka A tatu, na vingine vinataka hata zaidi ya hapo. Mwalimu aliyesimamia waombaji wa udaktari shuleni kwetu, mama mmoja wa makamo mwenye sauti laini, alinishauri mapema nifikirie kozi ya mambo ya maabara badala yake. Alisema hataki niumie. Msichana mwenzangu aliyebashiriwa alama zilezile kama mimi, ambaye mama yake alikuwa daktari wa macho, hakuambiwa habari za maabara. Aliambiwa atafute mtu wa kumsaidia kemia. Niliyasikia yote mawili kwa masikio yangu, siku moja, katika chumba kimoja, na mwalimu hakuona kuwa amesema mambo mawili tofauti.

Nyumbani nako kila mtu alikuwa na chuo chake. Baada ya ibada akina mama walinizunguka na sahani za pilau mkononi. Mmoja alisisitiza niombe vile viwili vikongwe tu, vinavyojulikana hadi Singida, ili nikitaja jina la chuo mtu anyamaze. Nilimuuliza je, wakinikataa? Akasema nisijitabirie mabaya. Mwanamume mmoja ambaye hakuwahi kukanyaga chuo chochote alinitumia sauti ndefu ndefu kwenye simu kuhusu baridi ya Uskoti, kwamba itanivunja mifupa. Mama alitaka London na London pekee, nilale nyumbani, nile chakula kinachoeleweka. Baba alisikiliza wote. Jioni moja tukiosha vyombo ndipo aliposema lake, kwamba nisiombe jina. Niombe mahali ambapo watanisoma mpaka mwisho.

Kisha ikaja jioni ya wazazi wa waombaji wa udaktari. Baba alivaa suti yake ya kuhudhuria harusi za watu, mama akavaa kitenge kipya, na tukakaa watatu mbele ya yule mwalimu. Akaeleza mambo ya tarehe na mtihani wa kuingilia, akauliza kama wazazi wana swali. Mama hupenda mumewe ndiye azungumze mbele za watu. Akamgeukia na kusema kwa Kiingereza chake cha kazini, "Doctor will ask. Doctor, ask her."

Mwalimu alikaa sawa kwenye kiti. Akamuuliza baba, kumbe wewe ni daktari? Baba akacheka, akaanza kueleza, lakini mama alimwahi. Ndiyo, ndiyo, alisema, miaka mingi sana. Kengele ikalia, wazazi wengine wakawa wamesimama nyuma yetu, tukaondoka. Ndani ya gari baba alimwambia mama kuwa angemwacha aseme. Mama akajibu, kwani yeye amesema uongo gani? Na ni kweli, hakuwa amesema uongo wowote. Alikuwa amesema Kiswahili kwa maneno ya Kiingereza.

Siku zilizofuata mwalimu alibadilika. Habari za maabara zikaisha. Alinisimamisha kwenye korido kuniuliza mtihani wa kuingilia unakwendaje. Alinipa vitabu ambavyo sikujua kama shule inavyo. Alisema nina bahati, ninaweza kuuliza maswali nyumbani. Mimi, mjinga wa watu, nilidhani ameona bidii yangu. Nilirudi nyumbani nikamwambia mama kuwa yule mwalimu kumbe ni mtu mwema, ni mimi tu nilikuwa na kinyongo.

Nikaendelea kuvichambua vyuo kama mtu anayechambua mchele. Hiki kinaangalia sana mtihani wa kuingilia, hiki hakiuangalii. Hiki hakimwiti mtu kwenye usaili bila A tatu, hiki kinasema hivyo lakini ukisoma chini kabisa kina mlango wa pembeni. Ndipo nikaipata kozi ya miaka sita. Mwaka mmoja wa kujiandaa, halafu udaktari wenyewe, kwa alama pungufu, na A mbili na B moja zilitosha. Ilikuwa kwa watoto wa shule za kawaida kama yangu, wa mitaa kama yetu, ambao wazazi wao wote wawili hawana shahada ya chuo kikuu. Nilisoma masharti yale huku nimeshika mdomo. Nilijiona mimi, kila mstari. Katika nchi ambayo kila karatasi ilikuwa inauliza nilichokosa ili inikatae, hii iliuliza nilichokosa ili inichukue.

Nikapanga nne zangu. Viwili vya London, kumridhisha mama. Kimoja cha kaskazini ambacho kiliujali mtihani wa kuingilia, nami nilikuwa nimeufanya vizuri. Na kozi ya miaka sita, ambayo ndiyo ilikuwa tumaini langu hasa. Vile vitatu nilivipigia hesabu ya bahati tu. Nikampelekea mwalimu.

Alisoma, akachukua kalamu, akakata mstari kwenye ile ya nne.

Hii si ya kwako, alisema. Ni ya watoto ambao familia zao hazina mtu kwenye fani hiyo. Baba yako ni daktari.

Nilimwambia baba yangu anaendesha basi. Akaniangalia. Ile sauti laini ikabaki palepale, lakini kuna kitu kilifungwa nyuma yake. Akasema mama yangu mwenyewe alimwambia, mbele ya baba mwenyewe. Akasema amekwisha kuandika katika barua ya shule ya kunipendekeza kwamba natoka katika familia ya kitabibu. Kisha akasema jambo ambalo nimelibeba hadi leo. "Sikushutumu," alisema, "lakini watu wengine, wakiona kuna nafasi maalumu, maelezo yao hubadilika."

Sikuwahi kabla ya siku ile kujua kuwa mtu anaweza kuitwa mwongo bila neno uongo kutajwa. Na palepale nikaelewa vile vitabu, na zile salamu za kwenye korido. Havikuwa vyangu. Alikuwa anampa mtoto wa daktari.

Alisema kuna njia moja. Baba aandike na kutia sahihi kwamba yeye si daktari na hana shahada. Bila hivyo hataweza kubadilisha barua ya shule, na barua ikisema kimoja na ombi kingine, chuo kitalitupa ombi zima. Ilikuwa Oktoba imeanza, na maombi ya udaktari hufungwa katikati ya mwezi huo, mapema kuliko kozi nyingine. Hapakuwa na muda wa kununa.

Nilipowaambia nyumbani, mama alikataa kabla sijamaliza. Alikuwa anakaanga vitunguu, akazima jiko.

"Daktari haandiki kitu kama hicho," alisema. "Mtu aandike kwa mkono wake kwamba yeye si yeye?"

Nilimwambia bila hiyo karatasi sina chuo. Akasema nitafute vingine. Nikamwambia vingine viko wapi mama, nimevichambua vyote, hakuna kingine kitakachonitazama na B yangu. Akasema basi nisome zaidi nipate A, kana kwamba B ile nilikuwa nimeiokota kwa uvivu. Tulijibizana mpaka nikalia, naye akalia, kila mtu kwa hasira yake. Baba alikuwa amekaa na chai yake. Mwishowe akaomba karatasi.

Aliandika kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wake wa kwenye kadi za wagonjwa ambao hausomeki, kisha akanakili tena polepole ili usomeke. Aliandika kwamba yeye ni dereva wa basi. Kwamba hana shahada. Kwamba yeye si daktari katika nchi hii. Akatia sahihi, akaniuliza kama inatosha. Nikasema inatosha. Niliona ni ya kweli yote, na ina heshima yake.

Haikutosha. Mwalimu aliisoma kesho yake, akasema yale maneno "katika nchi hii" yanaacha swali. Msomaji wa chuoni atauliza, basi ni daktari katika nchi gani? Kuna madaktari wengi waliotoka nje na shahada zao. Aliomba baba aandike upya bila maneno hayo, au aje.

Baba alikuja, katikati ya zamu, na sare yake ya basi. Nilikuwepo. Nilitaka ile sare imsemee, nilitaka mwalimu aione aone aibu, lakini alimkaribisha kiti tu kama anavyomkaribisha yeyote. Baba alieleza kila kitu kwa utulivu. Chuo cha utabibu, stashahada, kituo cha afya. Akaeleza kwamba kwa lugha yetu anayetibu watu huitwa daktari, na ndiyo maana mkewe alisema vile, hakuwa na nia mbaya. Mwalimu alisikiliza hadi mwisho, uso wake ukafunguka, akafurahi kabisa kama mtu aliyepata jibu la fumbo.

"Kumbe ni jina la utani," alisema.

Alisema kwa Kiingereza, na kwa Kiingereza neno hilo halina uzito mkubwa. Ni jina la kubandikwa tu, kama la wachezaji mpira. Lakini mimi lilinifikia kwa Kiswahili, na najua baba pia lilimfikia kwa Kiswahili. Utani. Mizaha. Miaka yote ile, watu waliotembea kutoka vijiji vya mbali na wagonjwa wao kwenye matela ya baiskeli, kumbe walikuwa wanamtania.

Nilifungua mdomo. Baba aliniangalia mara moja, jicho lile la kunyamazisha mtoto mbele ya wageni, nikafunga.

"Ndiyo," akasema. "Jina la utani."

Akachukua kalamu ya mwalimu, akakata "katika nchi hii," akatia sahihi ndogo pembeni ya alipokata. Ikabaki: mimi si daktari. Mwalimu akamshukuru. Baba akaangalia saa, akasema basi lake linamsubiri.

Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Baba yangu alipokuja na vyeti vyake kutafuta kazi, waliamua si daktari. Mwanawe alipotafuta nafasi ya watoto wasio na madaktari nyumbani, wakaamua ni daktari. Na ili wamwondoe tena udaktari huo ambao hawakuwahi kumpa, ilibidi auvue mwenyewe, kwa kalamu ya kuazima, mbele ya mtoto wake. Mtu ni mmoja na vyeti ni vilevile. Ila kila akiulizwa, jibu linalokubalika ni lile la kumpunguza. Wazee walisema mnyonge mnyongeni lakini haki yake mpeni. Hawa walimnyonga, na haki wakamtaka aisaini yeye.

Mama alitaka kujua wamesemaje. Baba hakutaka kumwambia, nikamwambia mimi.

"Utani?" aliuliza. "Utani na nani? Huyo mwalimu ni mtani wetu wa kabila gani?"

Baba alicheka kidogo. Mama hakuwa anachekesha. Kwetu mtani ana ruhusa ya kukudhihaki, hata kwenye msiba wako ataigiza marehemu alivyokuwa mchoyo na watu watacheka na machozi yao. Lakini ruhusa hiyo ina wajibu. Mtani huyohuyo ndiye anayekusaidia kuzika, na ukikwama ndiye wa kwanza kuja. Mama alisema yule mwanamke amechukua ruhusa na wajibu ameuacha mezani. Akaenda chumbani, na tangu siku ile hakukanyaga tena shuleni kwangu, hata kwenye mahafali alibaki nje ya geti na maua yake.

Kulikuwa na jambo la mwisho. Katika maelezo yangu ya kuomba chuo, yale ya kusema kwa nini unataka udaktari, nilikuwa nimeandika juu ya benchi la kituo cha afya, nilivyokuwa nikikaa hapo baada ya shule nikimsubiri baba, nikiona watu wanaingia wameinama na kutoka wamenyooka. Mwalimu alinishauri niitoe aya hiyo. Alisema sasa itawachanganya. Sikuwa na nguvu za kubishana naye tena. Badala yake niliandika habari za kujitolea kwenye duka la hisani, lile linalouza mitumba ili kuchangia misaada.

Jumamosi moja baada ya hayo nilipanda basi la baba pale Woolwich, karibu na soko. Mbele yangu alikuwa dada mmoja wa kanisani kwetu, mgongoni ana mtoto. Akagusisha kadi, akainama, akasema, "Shikamoo, Daktari, hebu mwangalie huyu shingoni." Baba hakugeuka.

"Mpeleke kwa GP wenu kliniki, mwanangu," alisema. "Mimi ni dereva."

Hakusema marahaba. Kama wewe ni Mswahili unajua uzito wake. Mkubwa hujibu shikamoo hata ya mtu aliyemkosea, hata akiwa kitandani mgonjwa. Yule dada alisimama pale kidogo, halafu akaenda kukaa, na usoni alikuwa na haya, haya isiyokuwa yake. Baadaye nilisikia kuwa baba amewajibu hivyohivyo na wengine. Habari huenea haraka. Baada ya muda watu wakaanza kumsalimu shikamoo tu, bila jina mbele yake. Mama peke yake ndiye aliyeendelea, na huyo baba hakuthubutu kumkataza.

Vyuo vya London vilinikataa vyote viwili bila hata kuniita. Cha kaskazini waliniita, wakanikataa baadaye. Kozi ya miaka sita ikanichukua. Mama alipiga vigelegele hadi jirani wa chini akagonga dari. Baba alinishika kichwa kwa mikono miwili, akasema Mungu mkubwa, akaenda kazini. Nilifurahi, na sitajifanya kwamba sikufurahi. Lakini nilijua furaha ile imekatwa kwenye nguo ya nani.

Kiswahili hakingoji mtu amalize masomo. Sijaanza hata mwaka wa kwanza, kanisani nikawa Daktari. Na baba, kwa kufuata mtoto kama desturi ilivyo, akawa Baba Daktari. Hilo alilikubali. Aliliitikia kwa sauti, akicheka, na watu wakasema tazama, Mungu amemrudishia jina lake. Mimi lilinichoma kila nilipolisikia. Limerudishwa na nani? Alikuwa nalo kabla sijazaliwa. Sasa ilikuwa kana kwamba amelipata kwangu, kama nguo ya mtoto mkubwa iliyomrudia mzazi.

Kiangazi hiki nimemaliza. Wiki yangu ya kwanza wodini, daktari bingwa mmoja alituuliza sisi wapya kama kuna madaktari wengine katika familia zetu. Ni swali la mazungumzo tu, watu wakinywa kahawa. Mmoja akasema mama, mwingine akasema babu na shangazi. Ikafika kwangu. Nilikumbuka kuwa mahali fulani, kwenye makabati ya shule moja, kuna karatasi yenye sahihi mbili. Nikasema ndiyo, baba yangu. Akauliza ni wa hospitali gani. Nikasema alikuwa Singida, na kwamba ndiye aliyenifanya nitake kazi hii. Kisha nikanywa kahawa yangu, na kama kuna mtu anataka kurekebisha karatasi zake, arekebishe.

Alasiri ile sikwenda nyumbani moja kwa moja. Nilishuka Woolwich, nikasimama kituoni, nikayaacha mabasi mengine yapite mpaka likaja lake. Kitambulisho changu cha hospitali kilikuwa bado shingoni, na neno lenyewe limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilikiacha hapohapo. Nyuma yangu watu walikuwa wamejipanga na mifuko ya sokoni. Nikagusisha kadi, nikainama mbele ya kioo chake.

Maisha yangu yote nilikuwa nimemwita Baba. Jina lile lilikuwa la watu wengine.

"Shikamoo, Daktari," nikasema.

Alinitazama. Akatazama kitambulisho, akanitazama tena. Mtu aliyekuwa nyuma yangu alikohoa. Niliamua kuwa sitaondoka pale, hata basi zima lipige kelele, mpaka aitikie.

"Marahaba," akasema baba. Halafu akauliza, "Umekula?"

Nikasema bado. Akaniambia nikakae, akafunga mlango.